Teya Hakusimama

Kwa miezi mitatu mizima nilimtukana msichana ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilimwita mwoga. Nilimwita mnafiki. Siku moja nilimwita kuku kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo, naye akadhani namsema yeye, akaondoka na cheti chake bila kutoa kopi. Msichana huyo jina lake Teya. Anaishi ndani ya vitabu vinne vinene vya Kiingereza, na aliyeniletea vitabu hivyo ni Gatera.

Tulikuwa tunasoma kwa zamu. Yeye anaanza, halafu ananiletea dukani kwangu mtaa wa Kabeza akitoka kazini Kacyiru, mimi namaliza, halafu tunagombana. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Wengine wanapelekana kwenye muziki, sisi tulikuwa tunagombana juu ya Teya, na sijawahi kuwa na raha kama ile.

Hadithi yenyewe ni ya zama ambazo mvua imekoma duniani. Limebaki jiji moja lenye chemchemi moja, na kila ukoo una kipande cha shaba. Ukoo usio na shaba haunywi maji. Teya ana miaka kumi na saba. Mpenzi wake, Joran, anakamatwa akiwafungulia bomba maskini wa bondeni. Sheria ya jiji inasema mshtakiwa hatupwi nje ya ukuta kama atapatikana mtu mmoja wa kusimama uwanjani na kusema, "Huyu ni wangu." Ila atakayesimama, ukoo wake unanyang'anywa shaba. Hakimu anauliza mara tatu. Teya amekaa pale pale, mama yake upande huu, wadogo zake mapacha upande ule. Mara tatu anaulizwa. Teya hakusimama.

Nilipofika hapo nilikirusha kitabu kikagonga mashine ya fotokopi.

"Usimhukumu," Gatera aliniambia siku ile, anacheka, anakiokota. "Hujawahi kukaa alipokaa."

"Mimi ningesimama hata kabla swali halijaisha!"

"Wewe?"

"Mimi, Alida Kamikazi. Muulize anayenijua."

Mdomo huponza kichwa. Hilo bibi yangu alilisema tangu tukiwa Bujumbura, na mimi sikulisikia.

*

Jumapili ninayoisimulia hapa nilitoka misani nikaenda kumwambia Gatera kwamba irembo la kwetu limeshachukuliwa na watu wengine.

Msomaji wa mbali huenda hajui. Kwetu, kabla ya posa na kabla ya ng'ombe, wazee wa mvulana huja kwanza kuomba irembo, yaani lango la nyumba ya msichana. Wakipewa, nyumba hiyo haibishwi hodi na mwingine. Irembo langu lilikuwa la Gatera. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi, halafu ikaahirishwa wiki moja kwa sababu msemaji wao, Mzee Ntare, alilazwa. Na Jumamosi hiyo hiyo iliyoahirishwa, likachukuliwa.

Alikuwa ameshafika kwenye kantini ya maziwa ya Umutoni, meza ya pembeni, chini ya picha ya ng'ombe mwenye pembe ndefu. Shati jeupe, mikono imepigwa pasi mpaka ina mstari. Mbele yake vikombe viwili vya maziwa mgando na kitu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Aliponiona akasimama kunivutia kiti, akanitazama jinsi anavyonitazama siku zote, kana kwamba nimerudi kutoka safari.

"Umechelewa," alisema. "Padri leo kahubiri mpaka na malaika wakaangalia saa?"

"Nyinyi walokole ndio mnaotoka ibadani jioni."

"Kaa, sha. Nina mambo mawili, yote mazuri. Tuanze na lipi?"

"Lolote."

"Mama amekubali."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Mama yake Gatera, Mama Kabagwira, alikulia Karagwe kwenye kanisa la walokole, na kwake Mkatoliki wa kutoka Bujumbura ni mtu anayecheza dansi Jumamosi na kutubu Jumapili. Mwaka mzima alikataa hata kulisikia jina langu. Gatera alikuwa anamrudia kila wiki, taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha Karagwe kilichonyooka kama cha redio, bila kumpandishia sauti hata siku moja.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Amesema, kama huyo msichana ameweza kukusomesha vitabu vitatu, hata Biblia atakumalizisha." Akacheka mpaka macho yakapotea. "Na Mzee Ntare ametoka hospitali jana. Presha imeshuka. Jumamosi ijayo anakuja mwenyewe, na fimbo yake, aseme maneno ya irembo. Mama ameshanunua mshanana mpya, vazi la sherehe kabisa, Alida. Jana ameuvaa mbele ya kioo mara tatu, akaniuliza kama rangi ya zambarau itawachukiza watu wa Buja."

"Gatera..."

"Subiri, sijamaliza. Leo saa tisa, akitoka ibadani, anawapigia wazee wote simu kuthibitisha. Wote! Mpaka yule wa Kayonza asiyeongea na mtu."

Ndege ikapita chini, inashuka uwanja wa Kanombe, vikombe vikatetemeka mezani. Wakazi wa Kabeza tumezoea. Ndege ikipita mnanyamaza, ikishapita mnaendelea. Nilitamani ile ndege isiishe kupita. Ilipita.

"La pili ni hili." Akanisogezea ile karatasi ya kaki. "Cha nne. Cha mwisho."

"Umekisoma?"

"Sijakifungua. Ninacho tangu Jumanne, nalala nacho kichwani. Nilitaka safari hii tukisome pamoja. Nikuone uso utakapogundua kwamba Teya alikuwa sahihi."

"Bado unamtetea."

"Nitamtetea mpaka ukurasa wa mwisho." Aliegemea mbele, sauti ikashuka, ile sauti yake ya kubembeleza. "Wewe unamwona Joran tu pale uwanjani. Humwoni mama. Yule mtoto alikuwa na mama ubavuni, ana wadogo wawili watakaokufa kwa kiu. Mtu kunyamaza si kwamba hapendi, Alida. Mwingine ananyamaza kwa sababu anawapenda wengi kuliko nguvu alizonazo."

Nilihisi moyo unapata hewa kidogo. Nilijiambia, huyu mtu ana huruma, huyu mtu ataelewa. Mungu anisamehe, nilitumia huruma yake kama ngazi.

"Na kama Joran angekuwa wewe?"

"Ningemsamehe."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Sisi walokole hatuapi."

"Basi nisamehe," nilisema. "Irembo limechukuliwa. Jana."

Alitabasamu kwanza. Alidhani ni utani. Mimi nina utani wa namna hiyo. Halafu akanitazama vizuri, tabasamu likabaki mdomoni bila kazi.

"Limechukuliwa na nani?"

"Watu wa Munyaneza. Kwa ajili ya mtoto wao, Arnaud."

"Arnaud gani?"

"Anaimba besi kwenye kwaya yetu."

"Ulikuwa unamjua?"

"Namjua wa salamu. Sikujua kitu, Gatera. Nakuapia mimi ninayeapa."

"Nieleze," alisema. "Polepole. Toka mwanzo."

Nikamweleza. Baba yangu alifariki, mimi mlezi wangu ni Baba Mkubwa Salvator, kaka yake. Msichana wa kwetu hasimami mbele ya baba mkubwa akasema nimepata bwana. Nilimwambia Mama, Mama akamwambia yeye kwamba Jumamosi watakuja wageni wa nyumba njema, awapokee. Jina la mvulana halitajwi kabla ya wageni kufika, ndiyo desturi. Ila na mimi sikutaka litajwe. Nilijua Mama akisikia ni mlokole atalia wiki nzima. Nikasema kimoyomoyo, waje kwanza, waonekane ni watu wa heshima, ulokole watauona baadaye.

"Ukanificha," alisema Gatera.

"Nilikuficha."

Ijumaa jioni nilimwambia Mama kwamba wageni wameahirisha. Mama akampigia Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akasema hapana, wamenipigia simu sasa hivi, wanakuja kesho baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Waliompigia walikuwa watu wa Munyaneza. Wasemaji wa irembo hawasemi sisi ni fulani. Wanasema sisi ni watu wenye nia njema, tumelisikia lango lenu. Baba Mkubwa alikuwa anawangoja watu wenye nia njema, wakaja watu wenye nia njema.

"Mama akaniambia mmebadilisha tena," nilisema. "Nikakupigia mara mbili, simu haipatikani."

"Nilikuwa wodini kwa Mzee Ntare. Nilizima."

"Nikadhani unanifanyia sapraizi. Nilijipamba, Gatera. Nilisuka nywele usiku ule ule. Nilikaa jikoni nasikia wazee wanaongea sebuleni, nikawa natafuta sauti ya Mzee Ntare, nikasema labda maradhi yameibadilisha."

Umutoni alipita na jagi lake, akatuona, akapita moja kwa moja.

"Halafu?" alisema Gatera.

"Halafu nikaitwa."

Baba Mkubwa aliniita mbele ya wageni. Alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Buyenzi, kule Bujumbura, "Mutoto, hawa wageni iko wanasema walipita njia, wakaona lango yetu, wakaipenda. Tuwafungulie?" Nikainua macho. Nikamwona mzee Munyaneza wa baraza la parokia. Nikamwona mke wake. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika trei ya soda, na uso wake ulikuwa umejaa furaha, kwa sababu na yeye alikuwa amewatambua, na alidhani siri yangu ya miezi yote ile ilikuwa Arnaud.

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Aliuliza, Alida. Mzee wako aliuliza."

"Aliuliza."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Niliinamisha macho."

Gatera anajua maana yake kama mimi. Msichana akiulizwa mbele ya wageni akainamisha macho, amekubali. Wazee wakapiga makofi, pombe ya ndizi ikafunguliwa, wakanywa pamoja.

"Aliniuliza mara moja tu," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. "Teya aliulizwa mara tatu."

"Usimtaje Teya."

"Umesema mwenyewe..."

"Nimesema mwenyewe." Alisukuma kikombe chake pembeni, taratibu, maziwa yasimwagike. Hata akiwa na uchungu ana adabu yule mtu. "Nilimtetea kwa sababu hakuninyamazia mimi. Sasa nimejua kwa nini ulikirusha kile kitabu. Ulikuwa na haki. Ulikuwa na haki kabisa."

Afadhali angenipiga kofi.

"Kuna Uwera," nilisema. "Nilikwambia habari za dada yangu."

"Uliniambia anaishi Kampala."

"Sikukwambia kwa nini. Miaka sita iliyopita wageni walikuja kwa ajili yake. Akasimama mbele yao akasema simtaki, akatoka mlango wa nyuma, akapanda basi. Baba Mkubwa alijiuzulu baraza la parokia kwa aibu. Mama hajawahi kulitaja jina lake tena. Anamwita yule wa Kampala. Uwera ana watoto wawili, Mama hawajui hata sura. Nikaona nikifungua mdomo, Mama atabaki na watoto wawili wa kutotajwa, na hana wa tatu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu lakini hayakudondosha chozi. Nilitaka kuushika mkono wake uliokuwa mezani, sikuthubutu.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Gatera!"

"Naomba nijibiwe. Leo siwezi kusoma macho."

"Nakupenda. Nakupenda mpaka naumwa."

"Saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa saba na nusu."

"Mama anapiga simu saa tisa. Kwenu ni dakika kumi kwa miguu. Nenda kamwambie mzee. Sikwambii useme vizuri. Sema tu, 'Hawa si wangu.' Kila kitakachofuata, matusi, faini, sijui kwenda kumpigia Munyaneza magoti, mimi nitakwenda na wewe, na Mzee Ntare na fimbo yake. Lakini neno la kwanza siwezi kukusemea." Akanyanyuka nusu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. "Nenda. Niko hapa."

*

Nilitembea nikilirudia lile neno. Hawa si wangu. Nililisema mbele ya duka la dawa, nikalisema mbele ya fundi cherehani, kwenye kona ya kwetu nililisema kwa sauti kubwa mpaka mwenye boda akaniuliza naelekea wapi.

Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, mlango wa pili kutoka wetu, amevaa singlendi, anaifuta kofia ya Pasaka kwa brashi ya viatu. Aliponiona akasogea kunipa nafasi.

"Kuja, mutoto. Kaa hapa."

Nikakaa.

"Baba, jana..."

"Jana ulinifurahisha," alisema. "Unajua, ile siku ya Uwera, mimi sikumuuliza. Nilimuita tu mbele ya batu, nikasema, huyu njo bwana yako. Akakimbia. Parokia yote ilisema Uwera ana kosa. Ecoute, sikia, Alida. Kosa ilikuwa yangu. Miaka sita nilikaa na ile kitu hapa kifuani, sikumwambia mutu. Njo maana wewe nilikuuliza."

Sikutegemea hayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee mkali, na mzee mkali hakuwepo.

"Na kama ningesema oya, hapana?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kabisa.

Alicheka kidogo, akaendelea kupiga brashi. "Ningewarudishia pombe yao, maana ilikuwa ingali haijafunguliwa. Ningeona haya siku mbili, tatu. Munyaneza angeninunia mpaka Noeli. Haya haiue mutu." Halafu akaacha brashi, akanitazama. Macho yake yameanza kuwa na ukungu, lakini yanaona. "Kwa nini unauliza? Iko kitu?"

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hakuna aliyeufunga. Nilifungua mdomo, na neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, nimelibeba kutoka kwa Umutoni.

"Alida! Alida we!"

Mama alitoka mbio upande wa kwetu, miguu mitupu, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa analia. Mama yangu Daphrose, aliyemzika baba bila kutoa sauti, alikuwa analia barabarani mchana kweupe.

"Ni Uwera," alisema. "Ongea na Uwera."

Baba Mkubwa aliiacha kofia ikaanguka. Hakuna aliyelisikia jina hilo kinywani mwa Mama kwa miaka sita.

Nikaiweka simu sikioni.

"Alida?" Dada yangu na yeye alikuwa analia. "Mama amenipigia. Mimi sikumpigia, yeye amenipigia. Ameniita mwana wanjye, mwanangu. Amesema Alida ametuliza nyumba, sasa na wewe rudi, uje umvalishe mdogo wako. Nakuja na watoto. Mdogo ana jina la Mama, sikuwahi kumwambia, leo nimemwambia."

"Umefanya vizuri," nilisema.

"Lakini wewe niambie." Alishusha sauti. "Huyo Arnaud unampenda? Mimi ndiye wa kuniambia, Alida. Kama humpendi sema sasa, hata simu ukiikata nitaelewa. Mimi zaidi ya watu wote."

Mama alikuwa amesimama mbele yangu, vidole vimefunika mdomo, macho yananifuata kama mtoto anayengoja kuambiwa kama atakwenda safari. Baba Mkubwa alikuwa ameweka mkono begani kwake. Nilimtazama Mama. Nilimtafuta Gatera kichwani, nikampata, amekaa chini ya ile picha ya ng'ombe, ananingoja. Nilimwona wazi kabisa. Nataka ijulikane kwamba nilimwona.

"Njoo na watoto," nilimwambia Uwera. "Mama anataka kuwaona."

Mama akanikumbatia na simu ikiwa katikati yetu. Alinuka sabuni na mvuke wa maharage. Alikuwa anasema asante, asante, mwanangu, na mimi nilikuwa nampigapiga mgongoni, nahesabu nilichokwisha kukipoteza. Kilikuwa mtu mmoja, ila kwangu alikuwa mwingi.

*

Gatera alikuwa pale pale. Maziwa yake hakuyagusa. Kwenye meza ya mlangoni walikuwa wameingia madereva wawili wa pikipiki, wanakula chapati, na Umutoni alikuwa anawamiminia. Gatera aliniona tangu nje, akausoma uso wangu hatua kwa hatua mpaka nilipofika. Nadhani alijua kabla sijafika mezani. Aliniuliza tu kwa sababu ana haki ya kuuliza.

"Ulimkuta mzee?"

"Nilimkuta."

"Alikukaripia?"

"Hapana." Ningeweza kudanganya hapo. Ningesema alinikaripia, akaninyanyulia fimbo, na Gatera angeondoka akinihurumia. Sikutaka kumwibia na hilo. "Aliniuliza kama kuna kitu. Alikuwa mpole. Angenisikia."

Akafumba macho. Mimi nikapata nafasi ya kumtazama bila yeye kunitazama: kovu dogo kwenye nyusi, kola aliyoipiga pasi mwenyewe, ile midomo. Nilikuwa namchukua mzima mzima, niende naye.

"Mama amempigia Uwera," nilisema. "Anarudi nyumbani. Kwa sababu yangu. Gatera, sikuweza..."

"Niambie la kufanya," alisema, macho bado yamefumba. "Ni saa nane na nusu. Mama anatoka ibadani. Sema nimwambie nini."

Nikanong'ona. Nilisema mwambie asiwapigie wazee.

"Sikusikia."

Alikuwa amesikia. Nilirudia, kwa chini vile vile.

"Hapana, Alida." Alifumbua macho, na sasa machozi yalikuwa yanashuka, hakuyafuta. "Jana hukusema. Leo hukusema kwa mzee wako. Mimi hutaninyamazia. Simama useme mbele ya watu, nisikie, niondoke nikijua nimeambiwa. Hilo tu naliomba."

Nikasimama. Umutoni akaacha kumimina. Wale madereva wawili wakageuka na chapati mikononi.

"Gatera," nilisema, "usije Jumamosi. Mwambie mama yako asiwapigie wazee. Irembo la kwetu wameshapewa watu wengine, na mimi nilikubali. Usiningoje."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuupima. Akasimama, akasukuma kiti mahali pake, akapita kati ya meza akiomba radhi kwa wale madereva, akatoka kwenye jua. Hakugeuka nyuma, na mimi sikumwita.

Nilibaki nimesimama. Watu wote walikuwa wananitazama, kwa sababu sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Ilitoka safi, kila neno mahali pake, mpaka barabarani walisikia. Ndipo nilipojua kwamba hata jana yake nilikuwa naweza.